Moto wa Vumbi la Mbao

Mwaka ule mafuta taa yalipoadimika kwenye maduka ya Riruta, Nairobi, mume wangu, aliyekuwa seremala karibu na mtaa wa Jamhuri, alianza kurudi nyumbani na magunia ya vumbi la mbao. Kazini kwao lilikuwa likitupwa tu. Alitoboa debe ubavuni, chini kabisa, akasimamisha chupa katikati, akashindilia vumbi kuizunguka, kisha akaichomoa chupa taratibu. Palibaki tundu. Ukiwasha kwa chini, moto ulipanda ndani ya tundu lile bila kelele, ukaivisha maharagwe na bado ukaendelea kuwaka. Moshi ulikuwa wa mwanzoni tu.

Julai ikaja na baridi yake. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Kakamega kututembelea, na baridi ya Nairobi ilimwingia mifupani. Tukaingiza jiko chumbani, tukafunga dirisha, nami nikaziba chini ya mlango kwa gunia.

Mchana mmoja nilikuwa nikichambua mboga, nikasikia mtu akitembea nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Mama mkwe alicheka kidogo, macho yake kwenye pembe ya chumba.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na dada yangu. Mpe kiti."

Dada yake alizikwa kabla sijaolewa. Kinachonitisha hadi leo ni kwamba niliinuka, nikavuta kiti, nikakiweka pale, na nikaona leso ya buluu ikikikalia.

Jirani yetu, mama mmoja Mkamba, alikuja kuomba chumvi. Alisukuma mlango, akasimama, akatutazama. "Hiyo moto toa nje," akasema, kisha akalibeba debe mwenyewe kwa kitambaa. "Imemaliza hewa yote. Mnataka kufa?"

Tulikaa kwenye baraza tukitapika, vichwa vikigonga. Nilipochungulia ndani, kiti kilikuwa kitupu.

Tangu hapo nilipikia nje, chini ya upenu. Wanawake wapangaji wenzangu wa ploti walikuja kuuliza, mume wangu akawatengenezea madebe yao. Hata mafuta taa yaliporudi, hatukuyanunua sana.

Lakini mama mkwe aliendelea kukitazama kiti kile. Siku moja nilitoka sokoni nikakuta jiko halipo upenuni. Mlango ulikuwa umefungwa, gunia limeshindiliwa kwa ndani. Nilisukuma kwa bega hadi ukafunguka. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, uso umeelekea kiti cha pili. Nikamkokota nje.

Hakukasirika. Alivuta pumzi kwa muda, kisha akasema polepole, "Mwanangu, dada hakuwa amemaliza kuniambia."

"Kukuambia nini?"

Alinitazama sana. "Habari zako wewe."

Jumamosi mume wangu alimsindikiza kwenye basi. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila tulipoonana alinisalimia kama wengine, ila mkono wangu hakuuachia upesi, na mimi sikuwahi kumuuliza tena aliambiwa nini juu yangu.