Nilivyompeleka Torsten Nyangamara

Nilifunga safari hii ili kumkutanisha mtu na baba yake, na baba huyo ndiye aliyenizaa mimi. Nalisema mapema msomaji asije akadhani nilikwenda kutembea.

Mwaka mmoja kabla, baba yangu mdogo alikuwa amelala mgonjwa Lindi mjini. Aliniita kando ya kitanda akaniambia jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutajwa. Baba, Mzee Issa, enzi za Ujerumani mbili alipelekwa kusomea ufundi wa injini za meli katika mji mmoja wa bandari, upande wa mashariki. Huko alizaa mtoto wa kiume na mwanamke aliyefanya kazi kiwandani. Masomo yalipokwisha alirudishwa nyumbani, mtoto akiwa na miaka miwili.

"Na mtoto mwenyewe unamjua, Somoe," baba mdogo akasema. "Ni yule Torsten wa mpira."

Waliofuatilia mpira miaka ile hawakumkosa Torsten: winga wa kushoto wa timu ya taifa ya Ujerumani, mweusi, mrefu, asiyecheka. Hapo nikaelewa kwa nini, nilipokuwa msichana, baba alikuwa anapanda baiskeli na kwenda zaidi ya saa nzima kuangalia mechi za Wajerumani kwenye kibanda umiza. Watu walimpachika jina la Mjerumani. Yeye alisema anapenda nidhamu yao tu.

Nikamwandikia Torsten kupitia kituo anakofundisha vijana mpira siku hizi. Zikapita wiki tatu, kisha akanijibu kwa picha bila maneno. Kijana mweusi amesimama kwenye theluji ndani ya koti lililomzidi, amembeba mtoto mchanga. Masikio ya yule kijana yamechomoza kama yangu. Tukaandikiana miezi kadhaa, mpaka akasema anakuja. Baba nilimpigia simu nikamwambia nitafika na mgeni, basi. Baba mdogo alikuwa ameshafariki, na mwingine wa kunizuia hakuwepo.

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Kilwa Masoko, ninakofundisha sekondari. Tulikuwa watatu: mimi, Torsten, na dereva wetu Chande, mtu wa makamo ambaye tangu alipomwona mgeni uwanja wa ndege hakuwa ametulia. Torsten alikaa mbele, mguu wa kulia ameunyoosha kwa sababu goti halikunjiki vizuri. Alikuwa amejifunza neno moja la Kiswahili, shikamoo, na alilirudia kimyakimya kama mtu anayekwenda kwenye usaili.

Baada ya Nangurukuru barabara ilikuwa nyeupe, haina magari. Chande hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mwalimu, niulizie. Kwa nini alikuwa akifunga bao hashangilii?"

Nikamtafsiria kwa Kiingereza. Torsten akaanza mbali.

Alisema alikulia kwenye ghorofa moja ambamo mtoto mweusi alikuwa peke yake. Shuleni mwalimu wa michezo alimwona anavyokimbia akamweka pembeni kushoto, na huko pembeni ndiko alikokaa maisha yake yote. Ukuta ulipoanguka timu ya magharibi ikamchukua. Jumamosi ya kwanza aliyopangwa, jukwaa zima lilimlilia kama nyani, na lilikuwa jukwaa la mashabiki wake mwenyewe. Akafunga. Jumamosi iliyofuata wakaimba jina lake. Alisema kelele za nyani aliweza kuzizoea. Kilichomshinda kukizoea ni kwamba watu walikuwa walewale.

"Mama aliniambia baba yangu yuko Afrika," akaendelea, "na Afrika wanaangalia mpira. Basi nikifunga nilisimama wima, mikono chini, uso nimeuelekeza kwenye kamera. Ili kama yuko mahali anaangalia, anione vizuri. Magazeti yakaandika nina moyo wa barafu."

Chande alipotafsiriwa aliacha kuuliza. Mimi nikakumbuka kibanda umiza kile. Nilimfuata baba huko mara moja, nikiwa darasa la sita. Torsten alifunga, watu wakaruka, wakamwagiana maji. Baba alibaki amekaa kwenye benchi, mikono kwenye magoti. Nilidhani alikuwa upande wa timu nyingine.

Adhuhuri tulifika Lindi. Tulikula wali na samaki wa nazi karibu na stendi, na mezani akamalizia habari zake. Miaka kumi na moja ya timu ya taifa. Ndoa mbili zilizovunjika. Goti lililopasuliwa mara tatu, na mechi ya kumuaga ambamo alicheza dakika ishirini huku mvua ikinyesha. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, naye alipokufa, Torsten akasema, hakubaki mtu wa kumuuliza baba yake alikuwa anaongeaje. Halafu akanigeukia.

"Anaongeaje?"

"Kwa sauti ya chini," nikamjibu. "Hapendi kurudia neno."

Akacheka kwa mara ya kwanza, nami nikajiona nimefanya jambo la heri. Jioni ile niliwapigia simu walimu wenzangu Kilwa kuwaeleza nilikuwa nimekaa na nani. Nalisema hili kwa sababu lina uzito huko mbele.

Siku ya pili asubuhi tulipita Mnazi Mmoja, tukaiacha lami, tukaingia vumbi la mikorosho mpaka Nyangamara. Mama alikuwa uani anapepeta choroko. Torsten akamwamkia shikamoo, na mama, akifurahi kuamkiwa vizuri na mgeni, akaitika marahaba na kumkaribisha kwenye benchi la barazani. Baba alikuwa shambani, akaja na panga mkononi. Torsten akasimama.

"Shikamoo."

"Marahaba," baba akaitika. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaliegemeza panga ukutani, polepole, akakaa upande wa pili wa benchi.

Nikasema, "Baba, huyu ni Torsten. Ametoka Ujerumani."

"Namjua. Ni mchezaji. Nilikuwa namwona kwenye televisheni."

Torsten akatoa ile picha, iliyochapwa zamani, kona zimekatika, akamkabidhi kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Baba akaishika. Mama alikuja na ungo wake akainama juu ya bega la mumewe.

"Huyu si wewe?" akauliza.

"Siye mimi."

"Issa. Masikio haya."

"Tulikuwa wengi kule. Wazungu hawatutofautishi." Akanigeukia mimi. "Mwambie mgeni wako amepotea njia. Mimi sina mtoto Ujerumani."

Nikafungua mdomo kutafsiri. Torsten akaninyooshea kiganja kunizuia, hakuhitaji mkalimani. Na hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Alianza kuzungumza Kijerumani. Miaka yangu arobaini sikuwahi kumsikia akikitamka, nacho kilimtoka bila kukwama, kwa sauti ile ya chini, sentensi baada ya sentensi. Macho yake yalikuwa ardhini. Chande alijitenga akaenda kusimama kwenye gari. Mama alibaki na ungo mikononi, anamtazama mumewe mdomoni kama mtu anayemtazama mgeni akila.

Baba alipomaliza, Torsten alimjibu neno moja tu. Akainamisha kichwa kwa mama, akaenda garini akichechemea. Picha ilibaki mkononi mwa baba. Hakuirudisha, na mwenyewe hakuiomba.

Nilipokuwa naaga mama alinivuta nyuma ya nyumba.

"Kasema nini?"

"Sijui, mama. Mimi Kijerumani sikijui."

"Mimi najua," mama akasema. "Kama kweli hamjui, angekomea kwenye Kiswahili na wewe ukatafsiri. Mtu hafichi neno la uongo." Aliukung'uta ungo, ingawa haukuwa na kitu. "Miaka yote anaota kwa lugha hiyo. Nikimuuliza, anasema ni injini za meli."

Siku ya tatu, baada ya kulala Lindi, tulianza kurudi Kilwa. Tukaipita Mchinga. Tulipofika daraja la Mbwemkuru Torsten alimwomba Chande asimame. Akashuka, akaegemea gari.

"Alianza kwa kuniita mwanangu," akasema. "Halafu akasema siku ya kuoa, baba wa mama yako alimwekea msahafu, kwa sababu alikuwa amesikia habari za vijana waliokwenda Ulaya. Akaapa kwamba hakuacha mke wala mtoto. Akasema nyinyi nyote mmezaliwa juu ya kiapo kile. Akasema mabao yangu ameyaona, yote aliyoweza kuyaona. Akaniomba nisirudi."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Ndiyo."

Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Dada, nikuulize. Ningekuwa fundi bomba, ungeniandikia?"

Maji ya mto yalikuwa machache, rangi ya udongo. Niliyatazama nikitafuta jibu zuri. Nikawakumbuka walimu wenzangu na ile simu niliyopiga Lindi, jinsi nilivyolitamka jina lake.

"Sijui," nikasema.

"Basi na wewe umenijibu kweli katika lugha ninayoielewa."

Kilwa Masoko tuliagana uwanja wa ndege, asubuhi ya siku ya nne. Chande alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mimi nilipewa mkono kama anavyopewa mwalimu. Tangu hapo Torsten ameniandikia mara mbili, salamu za sikukuu, mistari miwili miwili. Sikumlaumu.

Mwezi haukwisha, mama alifungasha nguo akaenda kukaa kwa kaka yake katika kijiji cha Sudi. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua dagaa, nikamwambia kosa ni langu, kwamba baba alizaa kabla hajamjua, na kwamba wazee wa nyakati zile waliogopa mengi.

"Mtoto si kosa," mama akaniambia. "Angeniambia ana mtoto ng'ambo, ningemuuliza jina lake, ningemwombea dua pamoja na nyinyi. Lakini alishika msahafu mbele ya baba yangu. Na siku ile mtoto mwenyewe kafika mpaka barazani, kakaa kwenye benchi langu, kaniamkia. Mwanamume kamkana mbele yangu, halafu kamkubali mbele yangu, nami nimesimama pale kama mbuzi."

"Hutarudi tena?"

"Nitarudi siku atakayoniambia mwenyewe, kwa Kiswahili. Nenda ukamwambie."

Watu huniuliza safari ile ilinifunza nini, na wanaouliza wanataka nizungumzie ndugu na damu. Nilichojifunza ni kidogo na hakinisifu. Niliikuta siri ya watu watatu, baba, mama na Torsten, nikaichukua kana kwamba ni zawadi niliyookota, nikaibeba hadharani bila kumuuliza hata mmoja wao kama ana mahali pa kuiweka. Torsten alikuwa na baba wa kumfikiria; sasa ana baba anayemjua. Sijui kama nilimpa au nilimnyang'anya.

Nilifika Nyangamara msimu wa korosho ulipoanza. Baba alikuwa peke yake, anaota jua barazani, shati halijafuliwa vizuri. Nilimwamkia, nikakaa, nikamfikishia maneno ya mama kama yalivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama mvua imeshanyesha Sudi.