Mdogo wangu na bunduki mbili

Leo mdogo wangu amenipigia video akiwa ndani ya duka la bunduki huko Texas.

Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi bila kumuuliza mkubwa. Kiwanja, gari, hata mchumba. Mkubwa, kwetu tunamwita yaya, ndiye mimi.

"Yaya, nichagulie. Zote mbili ni semi-otomatiki. Nataka moja tu, ya mazoezi ya shabaha na ya kulinda nyumba."

Akanionyesha. Zimelazwa kwenye kaunta, zinang'aa kama sufuria za harusi.

Mimi niko jikoni kwangu Erdington, Uingereza, ambako hata kisu cha nyama hukinunui bila kuulizwa umri. Nichague nini mimi?

Kumbe Mama yuko nyuma yangu, anachambua mboga ya lengalenga, macho kwenye simu.

Akasema polepole: "Wale waliotufukuza kwetu Kivu walishika kama hiyo ya kushoto."



Nikasema moyoni, afadhali, sasa atatoka humo dukani.

"Pole, Mama," akasema. Akakata simu.

Jamani, niambieni mtu kama huyu anajibiwa nini. Ujumbe wake umeingia sasa hivi:

"Nimechukua ya kulia. Mwambie Mama asante, amenisaidia kuchagua."