Agosti Ile Mama Hakutulia

Mwezi uliopita fundi alikuja kubadilisha dari ya nyumba ninayopanga hapa Bungoma. Alipong'oa ubao wa kwanza, harufu ikatushukia kama gunia la vumbi lililopasuka. Harufu ya popo: kali, yenye chumvichumvi, ya kitu kilichooza zamani kikakauka. Fundi alitema mate nje ya dirisha, akaniuliza, "Ati madam, miaka hii yote umekuwa ukilala na hawa watu huku juu?" Nilikuwa nimeshika ukuta. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, miguu ikielea ndani ya gambuti za mpira za kuazima, na mama yangu amenibana vidole hadi vinauma.

Tulikuwa tunaishi Kitale. Baba alikuwa muuza mbao, mtoto wa Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia zamani kutafuta shamba. Mama alikuwa Mbukusu wa Bokoli, na alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Endebess: misaipresi, maparachichi, na maua ambayo yeye mwenyewe aliyapa majina. Wote wawili walichanganya r na l, ila kila mmoja kwa njia yake. Mama alisema "barabala", Baba akamrekebisha kwa kusema "balabara", nami nikaenda shuleni kuandika imla kwa kubahatisha.

Mwaka huo Mama alivunja vikombe vingi. Aligonga stuli. Aligonga mlango uliofunguliwa nusu, akajikata nyusi. Akipita sebuleni, chochote kilichokuwa pembeni kilikuwa hatarini. Nilijua sababu, kwa kuwa majirani wote waliijua: Mama ana haraka. Kilichonishangaza ni kwamba Baba hakugomba. Mimi nikivunja kikombe kimoja, mtaa mzima ulisikia. Mama akivunja, Baba aliinama akaokota vipande.

Halafu wakaenda Eldoret siku moja, wakaniacha kwa jirani. Waliporudi walikuwa na mkate mtamu, na hawakuwa na habari. Mama alisimama katikati ya kitalu, akazunguka taratibu akiitazama miche yake, kichwa chote kikigeuka, kama bundi. Jioni hiyo, kabla hata sahani hazijaondolewa mezani, alisema, "Shule imefungwa. Tutatembea."

"Tutatembea wapi?" nikauliza. Sisi hatukuwa watu wa kutembea. Tulikuwa watu wa kwenda matanga na kurudi.

"Kila mahali," akasema.

Baba alitazama chai yake. "Nitatoa mbao kwa pikapu," akasema.

Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyofurahi, wala jinsi furaha hiyo ilivyoisha upesi. Mama tuliyesafiri naye hakuwa yule niliyemzoea. Aliamka kabla ya jogoo, akachemsha viazi vitamu, akajaza chai kwenye thamosi, na jua lilipochomoza alikuwa tayari amekaa ndani ya pikapu, akigongagonga dashibodi kwa kidole. Tukisimama kuweka mafuta, alishuka na kupanda mara mbili. Tukimkuta mtu wa kusalimia njiani, alisalimia akiwa tayari anatembea.

Kwanza alitupeleka kwao. Tulipita Bokoli, akamsalimu nyanya akiwa amesimama, chai akainywa mlangoni, kisha tukapanda kile kilima kilicho juu ya Webuye, kwenye ngome ya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza. Nilikuwa nimesimuliwa habari za ngome hiyo tangu utotoni, nikatarajia kuta, labda na mizinga. Nilikuta mtaro mrefu uliojaa nyasi, na mbuzi wawili ndani yake.

"Ni hii tu?" nikasema.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

"Angalia tena." Alikuwa ameshuka mtaroni, anatembea akipapasa kingo za udongo kwa kiganja. Akaniambia watu wa ukoo wake walikuwa ndani ya boma hili, wanawake na watoto na ng'ombe, na kwamba wengi hawakutoka. Alizunguka mtaro wote. Baba alikaa juu ya jiwe akimtazama, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani. Mimi nilikuwa na njaa.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kinamasi cha Saiwa, upande wetu wa Kitale. Tulifika kukiwa bado na ukungu, tukapanda jukwaa la mbao lililojengwa juu ya matete ili watu wamwone nzohe, yule swala anayeishi majini, mwenye kwato ndefu za kumzuia kuzama. Tulingoja huku mbu wakitumaliza. Kisha, upande wa kushoto, karibu sana hivi kwamba niliona masikio yake yakifukuza nzi, dume mmoja akatoka kwenye matete.

"Mama! Pale!"

"Wapi?"

"Pale, Mama! Kushoto! Si huyo!"

Mama aligeuza kichwa. Akakigeuza zaidi. Macho yake yakapita juu ya yule mnyama, yakaenda kwenye miti, yakarudi, yakapita tena. Yule dume akazama polepole hadi puani, na matete yakamfunika.

"Nimemwona," akasema Mama. "Ni mzuri sana."

Nilijua anadanganya. Nilimwangalia Baba ili tucheke pamoja, lakini Baba alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Basi tukaja kwenye mlima. Mtu wa Kitale huuona Mlima Elgon kila asubuhi anapopiga mswaki, na anaweza kufa bila kuupanda. Tuliingia kwa lango la mbuga, barabara ikaanza kupinda katikati ya mipodo minene ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia. Mbega waliruka juu yetu na mikia yao myeupe. Mama alikuwa na swali moja tu, akilirudia: "Bado?" Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza hivyo.

Tulipofika mahali pa kuegesha chini ya mapango, gurudumu la nyuma lilikuwa limeanza kuisha upepo. Baba akashuka, akalipiga teke, akatoa jeki.

"Ningojeni nibadilishe hii kitu, tutaingia pamoja," akasema.

Mama alitazama mawingu. "Mvua inakuja. Sisi tunaenda."

"Mama Wambui. Ningojeni."

Lakini alikuwa ameshanishika mkono. Askari wa mbuga aliyetupokea langoni na kupanda nasi kwenye pikapu, mzee mpole aitwaye Ndiema, alitangulia na tochi yake, nasi tukamfuata njiani, gambuti zangu zikipiga kelele kama bata.

Pango hilo lina mdomo mpana kuliko kanisa, na maji yanadondoka mbele yake kama pazia la shanga. Ndani, harufu ya popo ilitupokea. Ndiema alituambia kwamba watu wake waliishi humu zamani, wao na ng'ombe wao, wakijificha vita na baridi. Alituonyesha mahali mioto ilipoacha moshi juu ya mwamba. Kisha akamulika kuta, na tukaona mikwaruzo mirefu, maelfu, mmoja juu ya mwingine. Ni meno ya ndovu. Huja hasa usiku kuchimba mwamba kwa ajili ya chumvi, vizazi na vizazi, na ndio wanaozidi kuliongeza pango.

Mama alipitisha mkono wake ndani ya mikwaruzo hiyo. "Twende ndani zaidi," akasema.

"Ndani ni mawe tu, mama," Ndiema akamwambia. "Na kuna mashimo."

"Twende kidogo tu."

Tukaenda. Nyuma yetu mdomo wa pango ukawa mdogo kama dirisha. Ndiema akasimama ghafla, akainama, akagusa kinyesi kilichokuwa chini. Kilikuwa kinatoa mvuke. Wakati huo nikasikia kitu kikipumua. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekokota gunia la mahindi sakafuni, akapumzika, akakokota tena. Mbele yetu, nje kidogo ya mwanga, sehemu ya ukuta ikatikisa sikio.

Ndiema alifunika tochi kwa kiganja, kisha akaizima. "Yuko na mtoto," akanong'ona. "Rudini. Polepole. Msikimbie, msiseme. Mimi nitabaki katikati."

Mimi nilikuwa naona. Nataka mwelewe hilo. Mwanga wa mdomoni ulikuwa hafifu, wa kijivu, lakini ulitosha kuonyesha migongo ya mawe na weusi wa mashimo. Niligeuka nianze kutembea, na mkono wangu ukavutwa nyuma. Mama hakuwa amesogea.

"Mama, twende."

Akainama hadi mdomo wake ukagusa sikio langu. "Wambui, sioni," akasema. "Sioni chini. Nionyeshe."

Nilidhani ni hofu. Lakini sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema jambo ambalo amelijua kwa muda mrefu. Basi nikaanza kumwambia kwa pumzi tu, neno moja moja. Jiwe. Inua mguu. Hapa tambarare. Kushoto shimo, njoo kwangu. Nyuma yetu yule ndovu alipiga mguu chini, na popo wakaachia paa wote kwa pamoja, wakapita juu ya vichwa vyetu kama upepo wenye ngozi. Mama alijikwaa, akapiga goti, akainuka. Vidole vyangu vilikuwa vinavunjika ndani ya mkono wake. Jiwe. Jiwe lingine. Maji, usiteleze.

Tulitoka kupitia lile pazia la maji tukiwa tumelowa, na hapo tukakutana na Baba anapanda mbio, spana ya gurudumu mkononi, uso wake umebadilika rangi. Ndiema alitoka nyuma yetu akitembea kinyumenyume, akatuambia mama ndovu ametulia na anaendelea kula chumvi yake.

Baba alitushika wote wawili. Kisha akamwachilia Mama, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, "Si nilisema mningojee?"

"Ningengoja mpaka lini?" akasema Mama.

Damu ilikuwa inatiririka kutoka gotini mwa Mama; yeye mwenyewe akaipangusa kwa leso yake, akacheka, na katikati ya kicheko akalia, akamaliza vyote viwili haraka kama alivyofanya kila kitu. Kisha akauliza, "Barabala inafika wapi?"

Inafika juu sana. Tulipanda tukaiacha miti mikubwa chini, tukaiacha mianzi, mpaka tukatokea kwenye nyika ya baridi ambako mimea inasimama kama watu waliofunikwa blanketi. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Chini yetu kulikuwa na nchi yote: mashamba ya mahindi ya Trans-Nzoia kama mikeka iliyoanikwa, mabati ya Kitale yaking'aa, na kule mbali, upande wa kusini, ukungu wa bluu ambao Baba alisema ni Bungoma.

Nilisimama juu ya jiwe nikaanza kumwonyesha Mama kila kitu, kwa sababu sasa hiyo ilikuwa kazi yangu. Pale mto. Pale moshi. Pale labda ni Kimilili. Nikageuka kuona kama anafuata, nikakuta hatazami huko. Alikuwa ameketi chini, mgongo wake kwenye nchi yote, ananitazama mimi.

"Mama, si huku. Kule!"

"Naona," akasema, na hakuondoa macho.

Nilipangusa shavu nikidhani lina tope. Nilivuta sweta. Nilikasirika, kusema kweli. Tumepanda mlima mzima, nimeumwa vidole, nimekaribia kukanyagwa na ndovu, na mtu aliyetukimbiza hivyo amefika juu na kugeuza uso.

Hawakuniambia jina la ugonjwa mpaka nilipokuwa sekondari. Kule Eldoret daktari alikuwa amewaeleza kwamba macho ya Mama yanajifunga kutoka pembeni kuja katikati, kwamba gizani ndiko atakakoanza kushindwa kuona, na kwamba hakuna dawa. Hakuweza kusema itachukua muda gani. Ilichukua miaka, na Mama angeweza kuutalii mlima huo kwa utulivu mara nyingi, kama angejua. Leo haoni kabisa. Bado yuko kitaluni. Anajua mche kwa kusugua jani, na anagombana na wateja kama zamani. Baba alizeeka akiokota vitu sakafuni kabla Mama hajapita.

Likizo iliyopita binti yangu alimuuliza nyanya yake, bila aibu, kama watoto wanavyouliza: "Kukhu, wewe unajua mama yangu anafanana vipi?"

Mama hakusita. Akamwambia jino moja la mbele halipo, na jingine limeota upande. Nywele zimesukwa, ila msuko mmoja umefumuka kwa sababu ya maji ya pangoni. Sweta ya kijani, kifungo cha juu kimekatika. Nyuma yake kuna mawingu na mashamba, na kidole chake kinaonyesha kitu fulani mbali, na amekasirika.

"Anaonyesha nini?" binti yangu akauliza.

"Sijui," akasema Mama. "Huko sikuangalia."