Wanafunzi Niliowarithi kwa Yakobo

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapomwona kijana anafunga mzigo kwenda kufundisha dini mahali ambapo mwingine amemtangulia. Jana nilikuona ukifunga wako. Kitabu umekiweka juu, nguo chini, na uso wako umejaa furaha ya mtu aliyepewa cheo. Keti kidogo. Bugarama haihami, na watu wanaokungoja huko wamezoea kungoja.

Nami nilikuwa hivyo wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, nikiwa na miaka ishirini au ishirini na mmoja. Mama yangu hakuwa hodari wa kuhesabu miaka, na mimi sikumsumbua. Mapadri walinifundisha kusoma, kuandika, na kuimba kwa sauti ambayo wenzangu walisema inafukuza mbuzi. Kisha wakanituma kusini, kwenye kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, karibu na Rumonge, nikachukue nafasi ya mwalimu wa zamani aliyeitwa Yakobo.

Yakobo alikuwa mtu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Alitekwa utumwani angali mtoto, mapadri wakamkomboa, akakulia mikononi mwao. Hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe. Lakini alikaa katika kijiji kile miaka tisa, akivua ndagala, dagaa wa kwetu, pamoja na watu na kuwafundisha dini, mpaka malale ilipompata. Ninyi vijana hamkuijua malale ya siku zile. Mtu alisinzia chakula kikiwa mdomoni, akakonda, halafu siku moja hakuamka tena. Wadachi waliweka kambi ya wagonjwa upande wa kaskazini, ukishapita Kabezi, na askari wao walizunguka vijijini kuwakusanya. Yakobo alichukuliwa mwezi mmoja kabla sijafika.

Nilikuta wanafunzi wake thelathini na wawili. Wengine walikuwa wamemaliza mafundisho yote, na padri alikuwa ameahidi kuja siku ya Pasaka kuwabatiza. Nilipowaamkia walinijibu vizuri, wakanipa samaki, wakanifagilia nyumba. Shida ilianza nilipofungua mdomo kufundisha. Nikieleza jambo, mmoja alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, Yakobo alitwambia." Nikieleza lingine, "Hilo pia Yakobo alitwambia." Siku ya tatu jina hilo likaanza kunikera masikioni. Nilijiambia kwamba nina hofu juu ya usafi wa imani yao. Ule ulikuwa wivu, mwanangu, nami niliuvika kanzu ya dini ili nisiuone.

Na mtafutaji hakosi. Niliona kwamba kila mmoja wao amevaa shingoni uzi wa nyavu wenye mafundo mengi, makubwa na madogo, na kwamba wakati wa sala waliyashika yale mafundo kwa vidole. Nikasema moyoni, hizi ni hirizi. Mtu wa Manyema amewafundisha Baba Yetu mchana na uganga gizani. Sikumuuliza mtu. Kuuliza si ujinga, watoto wadogo wanajua methali hiyo, lakini mimi nilikuwa na kitabu, na mwenye kitabu nilidhani yeye ndiye huulizwa.

Jumapili ile niliwaambia wavue nyuzi zote na kuziweka mbele yangu. Mvuvi mmoja, Bukuru, kijana wa rika langu, akasimama.

"Mwalimu, hii haiko hirizi. Iko..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nimekuja kufundisha, sikuja kufundishwa."

Akanyamaza. Watu wa pale walikuwa na heshima kupita kiasi, na siku hiyo heshima yao iliniponza. Nyuzi zikawekwa kwenye chungu kimoja, nikazitia moto. Hakuna aliyelia wala kupiga kelele. Nilichukua kimya chao kuwa ni utii.

Kisha nikatangaza kwamba mafundisho ya zamani hayahesabiwi. Wote wataanza upya, tangu alama ya msalaba, miaka minne kama ilivyo kanuni. Hapo akasimama mwanamke mmoja mzee, Bibi Ntirampeba, mjane aliyekuwa ameanza kufundishwa tangu mwaka wa kwanza wa Yakobo. Alikuwa amekwisha kuchagua jina la ubatizo, Anna, kwa sababu Yakobo alimsimulia habari za yule mjane aliyengoja hekaluni mpaka uzeeni akamwona Bwana.

"Mwalimu," akasema, "mimi niko mukongwe. Hiyo miaka ine nitaitoa wapi?"

Nilimjibu kwamba Mungu hana haraka. Jibu zuri, sivyo? Nililipenda sana siku ile. Mpaka leo nikilikumbuka natamani ningeuma ulimi wangu, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Wanafunzi wakaanza kupungua. Kutoka thelathini na wawili wakabaki ishirini, halafu kumi na moja. Bibi Ntirampeba alikuja mara mbili tu, na mara ya pili nilimwona akisinzia katikati ya sala. Nilimkemea. Wiki iliyofuata askari wakaja, wakamshika shingoni wakaona amevimba, dalili ya malale, wakampandisha kwenye mtumbwi pamoja na wengine watatu. Nilisimama mbali nikiwatazama. Sikwenda hata kumpa mkono.

Sasa sikiliza jinsi Mungu alivyonifungua macho. Palikuwa na Mwislamu mmoja mjini Rumonge, Mzee Shabani, msuka nyavu na mwenye mitumbwi. Nilikwenda kwake kuomba mafuta ya taa, na katika mazungumzo nikajisifu. Nilitegemea kwamba yeye, mtu wa kitabu, atanisifu kwa kuchoma hirizi. Aliacha kusuka.

"Uzi ule nilitoa mimi," akasema. "Kila mwaka Yakobo anakuja hapa, anaomba uzi. Hajui kuandika. Wale wavuvi nao hawajui. Basi mutu akishika somo moja, anafunga fundo moja. Fundo kubwa iko sala, fundo dogo iko fundisho. Kwenye mutumbwi mutu anapapasa, anakumbuka. Hirizi gani hapo?"

Niliutazama uzi uliokuwa mikononi mwake.

"Mimi niko Muislamu," akaendelea, "na niliuliza, Yakobo akanieleza. Wewe, mutu wa dini yake, hukuuliza hata mara moja. Kijana, umechoma kazi ya miaka tisa, halafu unakuja kwangu unajisifu."

Nilihisi aibu mpaka miguuni. Mafuta sikuyachukua. Nilimwomba anipeleke kambini kwenye mtumbwi wake, kwa sababu nilimkumbuka yule bibi: alikuwa amemaliza mafundo yake yote, alikuwa amebakiwa na maji tu, nami nilikuwa na ruhusa ya kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa. Ruhusa hiyo padri alinipa kwa mdomo wake siku ya kuondoka. Nilikuwa nayo muda wote nilipokuwa namwambia Mungu hana haraka.

Shabani hakunilaumu tena njiani. Tulipiga makasia siku mbili, tukalala Gitaza, na sala yangu ilikuwa moja: nimkute yu hai.

Sikumkuta. Alikuwa amezikwa juzi yake. Aliyeniambia ni Yakobo mwenyewe, ameketi nje ya kibanda cha wagonjwa, amekonda, midomo imemkauka, macho yakifumba na kufumbuka. Ndiyo mara ya kwanza kuonana naye. Nilipiga magoti nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini, bila kuficha. Nilidhani atanifukuza. Alingoja mpaka usingizi umwachie, ndipo akasema.

"Nilimubatiza. Mikono ilitetemeka, maji mengi yakaenda chini, lakini yalimufikia. Jina Anna."

Nikalia kwa furaha, nikamshukuru Mungu. Yakobo akainua kidole.

"Ngoja, mutoto wangu, usishukuru mbio. Alikuwa na hofu. Maji yakiwa bado yanadondoka kichwani, aliniuliza, 'Yule mwalimu kijana atakubali? Ao hata kule nitaanzishwa tena?'"

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika watoto wawili. Hakuna neno lililonichoma kama hilo. Mwanamke yule alikuwa anakwenda mbele ya Muumba wake, na aliyemwogopa alikuwa mimi.

"Ukamjibu nini, baba?" nikauliza.

"Nilimwambia utakubali," akasema Yakobo. "Sasa usinifanye muongo mbele ya marehemu."

Nikatoa daftari, nikaandika jina la Anna, na pembeni nikaandika aliyembatiza na aliyemfundisha. Yakobo aliniomba nimwonyeshe jina lake lilipo. Aliweka kidole juu yake, akakiacha hapo mpaka akasinzia. Hakunilaani wala hakunihubiria. Alipozinduka alinieleza tu nani kijijini mwepesi wa kukasirika, nani hupenda kuimba, nani ana mke mgonjwa, kama mkulima anayemwonyesha mtu shamba. Alikufa kabla ya Pasaka.

Nilirudi kijijini nikaenda nyumba kwa nyumba, nikianzia kwa Bukuru. Nikamwambia, "Siku ile ulikuwa unataka kunieleza kitu. Nimekuja kusikia." Hakunirahisishia. Aliendelea kutengeneza kasia lake, nami nikakaa chini nikangoja. Jua lilipokuwa karibu kuzama akasema, "Fundo la kwanza lilikuwa hili: Mungu alituumba." Akaanza kunisomea yote, moja baada ya jingine, bila uzi. Mafundo yalikuwa yameungua, lakini mafundisho alikuwa nayo.

Nisikudanganye. Si yote ya Yakobo yalikuwa sawa. Yako mambo alichanganya, mfungo aliuweka siku zisizo zake, na sala mbili alizikata mkia. Nilizirekebisha polepole, nikisema, "Yakobo alitufikisha hapa, sasa tusogee hatua." Hawakukasirika. Mtu hakatai kutengenezewa paa, anakataa kubomolewa nyumba akiwa ndani. Lakini si wote waliorudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Watano hawakunisikiliza tena maisha yao yote, na mmoja wao niliishi naye jirani miaka thelathini, tukisalimiana, "Amahoro", "Amahoro", basi. Juu ya hao nitaulizwa na Mungu.

Padri alipokuja Pasaka aliwahoji, akashangaa jinsi walivyojua. Akanipongeza mbele ya watu. Nilimjibu kwamba wamefundishwa na Yakobo, na kwamba mimi karibu niwapoteze. Nilisema kwa sauti ili Bukuru asikie. Ilikuwa vigumu, mwanangu, sifa ni tamu hata zikiwa za mwenzio.

Haya basi. Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba mmoja huweka msingi na mwingine hujenga juu yake, na kila mmoja aangalie jinsi anavyojenga, maana msingi wenyewe ni Kristo. Ukifika Bugarama, nenda kwanza kwenye kaburi la mwalimu aliyekutangulia, uombe hapo. Kisha uwaulize watu alichowafundisha, na usiwakatize wakilitaja jina lake, hata wakilitaja mara mia kwa siku. Ukiona jambo usilolielewa, uliza kabla ya kulihukumu. Palipopungua, ongeza. Palipopinda, nyosha kwa mkono mwepesi. Na asiwepo mtu hata mmoja, hasa mzee, hasa mjane, atakayekufa akiogopa kwamba wewe hutaitambua safari aliyokwisha kwenda na Mungu.

Lete kichwa chako hapa. Mungu wa Yakobo na wa Anna akutangulie njiani, akupe masikio kabla ya ulimi. Akupe watu wakupende, na moyo wa kuwapenda waliompenda mwingine kabla yako. Na siku atakapokuja kijana kuchukua nafasi yako, na kitabu kipya mkononi, Mungu amjalie adabu ambayo mimi sikuwa nayo. Amina.