Paipu ya Milango Sita

Lile begi la magurudumu ndilo lililonianza. Dada yangu alilileta Jumapili, akalisimamisha nyuma ya mlango, akasema ni la Mama. Kila nilipotoka chumbani kwenda kuchemsha chai nililigonga kwa kidole gumba cha mguu, kila nilipoligonga nililitukana, na kila nilipolitukana Mama alicheka pale kitini pake. Macho yake yameingia ukungu, lakini masikio yake, salale!

Tunaishi mimi na yeye katika nyumba za zamani upande wa Makadara, milango sita iliyozunguka uwanja mmoja wenye mfereji mmoja wa maji. Mimi ni kitinda mimba. Wenzangu walioa na kuolewa wakatawanyika, nami nikabaki, sijui kwa kupenda au kwa uvivu. Mama anaijua nyumba hii kwa viganja vyake. Anafika mferejini bila fimbo, anafika kwa muuza mboga za sukuma, na anajua jirani yupi anapita kwa jinsi anavyoburura ndara. Kwa dada yangu, kule Ukambani, kuna ngazi, kuna mbwa, na kuna kimya.

"Huko nitakuwa wa kuanikwa juani na kuanuliwa," aliniambia.

Kazi yangu naifanyia pale pale nyumbani, kwenye meza iliyo kati ya jiko la gesi na dirisha. Kampuni yetu inatunza programu ya mteja mwenye kompyuta nyingi mno. Programu hiyo inazunguka kwenye kila kompyuta ikiuliza: faili fulani ipo? Ina maneno yanayotakiwa? Huduma fulani inaendelea? Palipoharibika inarekebisha, palipo sawa inapita. Ni kama mama mkwe aliyekuja kukagua nyumba, ila hii haisengenyi.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Ilifungua faili ikasahau kuzifunga. Sasa, kompyuta ina kikomo cha faili inazoweza kushikilia wazi kwa wakati mmoja, na kikomo kikifika inakwama, hata kazi nyingine zote zinasimama. Mteja alichoka. Bosi wangu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri na mpole kupita kiasi, akanipigia simu.

"Niaje," akasema, na kwa sauti ile tu nikajua si kwema. "Ijumaa wanaijaribu asubuhi hadi jioni. Ikikwama tena wanaitupa, wanaleta nyingine, na sisi tutakuwa tunashinda ofisini kwao kule Westlands kila siku tukiiendesha. Mambo ya kufanyia kazi nyumbani yataisha. Pole, najua hali ya mathe."

Dada yangu naye alikuwa ameshasema: siku utakayoanza kushinda ofisini, Mama anakuja kwangu. Na hakukosea. Nani angemwacha mtu asiyeona vizuri na jiko la gesi mchana kutwa? Ndiyo maana ya lile begi. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kama mtoto.

Basi nikaanza kufumua. Aliyewahi kusuka nywele anajua: kichwa kikisukwa na mikono mingi, kila mmoja na mtindo wake, hakuna cha kurekebisha ila kufumua chote na kusuka upya. Nilikuta kila sehemu ya programu inajifungulia faili zake yenyewe. Walioiandika wengine walikumbuka kufunga, wengine walimwachia Mungu. Nikaisuka upya kwa njia moja: mtunzaji ni mmoja tu, na yeye peke yake ndiye anayefungua. Sehemu ikitaka faili inamwomba. Ikimaliza inasema nimemaliza, naye anaifunga. Kazi ya programu haikubadilika hata chembe, mpangilio ndio uliobadilika. Wallahi ilipendeza. Niliisoma tena na tena kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Jumatano nikaijaribu. Alasiri ikakwama vile vile.

Nikapiga meza, chai ikamwagika.

"Umeanza," Mama akasema.

"Sijaanza, nimemaliza! Nimemalizwa!"

"Futa meza, halafu umalizwe polepole."

Alhamisi ni siku yetu ya maji, na hapo lazima niwaeleze habari ya paipu. Uwanja mzima una paipu moja ndefu, inayokaa kwenye msumari karibu na mfereji. Unaichukua, unajaza pipa lako, unairudisha msumarini, anayefuata anachukua. Lakini kuna sheria ambayo hakuna aliyewahi kuitunga na kila mtu anaifuata: maji yakikatika ukiwa katikati, zamu bado ni yako. Na ili zamu yako isiibwe, unabaki na paipu. Unaiacha imetumbukia kwenye pipa lako hadi maji yarudi, yarudi leo, yarudi kesho. Anayeishika sheria hii kufa na kupona kuliko wote ni Mama. Ndiye mkongwe wa uwanja, nani atamwambia kitu?

Asubuhi hiyo zamu yetu ilifika, na kabla pipa halijafika nusu, maji yakakoroma yakakatika. Mama akaniambia nichomoe paipu mferejini, nikaivuta yote ndani. Tukafunga mlango, nikampeleka kliniki ya macho.

Tuliporudi tuliwakuta majirani wamesimama uwanjani kama watu wa matanga. Maji yalikuwa yamerudi punde tu baada ya sisi kuondoka, yakatiririka kwa nguvu, halafu yakaenda zake. Paipu ilikuwa kwetu, imefungiwa kwa kufuli. Watu walikinga kwa ndoo na masufuria wakikimbia huku na huku. Mama wa mapacha wa mlango wa tatu, ambaye pipa lake liko jikoni kabisa, alikuwa amelowa hadi kiunoni na hata robo hakupata.

"Shosho, leo umetuweza," akasema. "Mwenye pipa hamjui mwenye ndoo."

"Zamu yangu ilikuwa haijaisha," Mama akajibu, kidevu juu.

"Maji yalikuwa yameisha!"

Tukaingia ndani. Nilikuwa na aibu, na aibu kwangu hutoka kwa mlango wa hasira. "Mama," nikamwambia, "maji yakikatika, hata kama hujajaza, rudisha paipu! Si mpaka umalize. Ukimaliza, ukikatikiwa, vyovyote vile, ukitoka hapo paipu irudi msum..."

Macho yakaniendea kwenye kompyuta pale mezani.

Mtunzaji wangu alikuwa anangoja kuambiwa nimemaliza. Na sehemu iliyokatikiwa njiani, mtandao ukipotea, au faili ikikosa ruhusa, ingesema nimemaliza saa ngapi? Ilikufa na paipu ndani. Mimi mwenyewe nimekulia katika uwanja huu, sheria yetu naijua tangu utotoni, nikaitia ndani ya programu bila hata kuiona.

"Unanifokea mimi?" Mama aliuliza. Lakini nilikuwa nimeshaketi, nimefungua kompyuta. Baadaye nilijua alidhani nimesusa. Nikaandika upya kipande kile cha mtunzaji: sehemu ikitoka kwa mlango wowote, wa kufaulu au wa kushindwa, faili inafungwa pale pale bila kuulizwa neno. Mistari michache mno. Jua lilikuwa bado halijatua nilipoituma kwa bosi, naye akajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa na neno moja: tuombe.

Ijumaa niliamka nikaenda kuchemsha chai, kidole changu kisigonge kitu. Begi halikuwepo nyuma ya mlango. Nikajua Mama amelipakia nguo akalisukuma chini ya kitanda, ili nisimwone akipakia. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nilishinda nikitazama kompyuta za mteja kwenye kioo, na hesabu ya faili zilizo wazi ilikuwa ikipanda kidogo, ikishuka, ikipanda kidogo, ikishuka, kama kifua cha mtu aliyelala vizuri. Saa ya kukwama ikafika, ikapita.

Jioni bosi akapiga simu. "Manze, imepita! Wamesema tubaki nayo. Msalimie mathe."

Nilitoka mbio. Mama alikuwa mferejini. Maji yalikuwa yamekuja bila kutarajiwa na, kama kawaida yao, yamekatika pipa letu likiwa nusu. Alikuwa anaikunja paipu mkononi, mzunguko juu ya mzunguko, na kwa mkono wa pili anapapasa ukuta akitafuta msumari. Akaupata, akaitundika.

"Mama, imepita. Tunabaki."

"Vizuri," akasema, akijipangusa mikono kwenye leso, kana kwamba nimemwambia chai iko tayari.

"Basi nikutolee nguo begini."

"Begi gani? Nilimpa mama wa mapacha jana jioni. Watoto wanaenda ushago kwa nyanya yao likizo hii, na mtu nilimkosea."

Jana jioni. Nilikuwa bado naandika, hata mteja hajaijaribu. Nikamshika mkono, ingawa mlango wetu anaujua.

"Na kama ingekwama, Mama?"

"Ingekwama," akasema, "ningeendaje, na begi sina?"