Fundi wa Klachi Asiyegusa Pikipiki za Barabara ya Lokandu

Saa moja kasoro robo asubuhi, katika wilaya ya Alunguli mjini Kindu, Asumani Musafiri anasukuma pikipiki ya kwanza ya siku hadi ukutani. Analikandamiza gurudumu la mbele kwenye matofali, anatia gia ya kwanza, kisha anaachia klachi taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Haizimiki. Inanguruma tu, harufu ya kuungua inapanda, na gurudumu la nyuma limesimama kimya.

“Unasikia? Nguvu iko, lakini haifike ku mupira,” anasema. “Ambreyaje inateleza. Njo ugonjwa wa moto zote za hapa.” Ambreyaje ni klachi, na moto ndilo jina la pikipiki hapa Kindu.

Mwenye pikipiki, Yannick, hubeba mchele wa wakulima hadi bandarini, magunia matatu kwa safari moja, yeye mwenyewe akiwa amekalia tangi la mafuta. “Papa Asumani, kaza mpaka isiteleze tena,” anasema. “Nataka kubeba magunia ine.” Asumani anamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa anayekataa dawa, lakini anafungua boliti.

Kazi yake ni kuzipa nguvu klachi ambazo kiwanda kilizitengenezea lami, katika Maniema, mkoa ambao lami yake inaweza kuhesabiwa kwa hatua. Anatoa springi nne laini na kuweka ngumu za pikipiki kubwa. Anasugua pleti za chuma kwa tupa mpaka ziwe nyembamba, apate nafasi ya kuongeza moja. Pleti mpya analoweka kwenye oili tangu jana yake, zisije zikaungua siku ya kwanza. Siku njema anafunga klachi tatu, kila moja faranga elfu kumi na tano. Siku mbaya ni nyingi.

Wateja wanavuka na mitumbwi kutoka ng’ambo ya mto kumfuata yeye, wakiwaacha mafundi wengi njiani. Ila wote wanajua sharti moja: pikipiki inayofanya kazi barabara ya Lokandu, Asumani haigusi. Ukimwambia unakwenda huko, anakurudishia ufunguo. Mitaani wanasema ana jini. Wengine wanasema ana deni na mtu wa kule. Yeye huwaacha waseme.

Na sasa, chini ya turubai la bluu nyuma ya kibanda chake, kuna pikipiki ya barabara hiyo hiyo. Imekaa wiki tatu. Ni ya Jamila, mkunga wa kituo kidogo cha afya huko, binti wa dada yake. Asumani ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili.

Mwezi uliopita Jamila alikuwa amempakia mama mjamzito, Adolphine, uchungu umeshaanza. Kwenye mlima mmoja klachi ikateleza, injini ikapiga kelele bure, pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Wakashuka wakatembea. Mtoto alizaliwa kwenye majani kando ya njia, akaishi hadi jioni.

“Nilimuletea mujomba moto siku ile iliyofuata,” anasema Jamila. “Pleti nilinunua mimi mwenyewe. Ziko mu oili ndani ya kopo lile, wiki tatu! Watu wote anawatengenezea. Mimi mutoto wake, hapana.”

Siku ya Alhamisi mwandishi wa habari hizi alikuwapo Jamila alipokuja kuidai pikipiki kwa mara ya mwisho. Hakupandisha sauti. Alisema kuna mwanamke mwingine kule anayemngojea, na kwamba Jumamosi ataondoka na pikipiki hiyo jinsi ilivyo.

“Mujomba, kama hautaki, sema sababu, juu ya nini.”

“Springi zingali hazijafika,” Asumani akajibu.

Springi zilikuwa zinaning’inia kwenye waya, juu kidogo ya kichwa chake. Jamila aliziangalia, akamwangalia yeye, akaondoka zake kwa miguu.

Baada ya hapo Asumani alimsimulia mwandishi. Alifuta mikono, akaufuta tena mkono uleule, akavuta kibao akakaa.

Mwaka 2000 alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Treni ilikuwa haiji. Mji ulikuwa umeshikwa na askari, na porini pande zote kulikuwa na watu wengine wenye bunduki. Anayekwenda shamba hana uhakika wa kurudi, na asiyekwenda analala na njaa. Baba yake, aliyekuwa fundi wa karakana ya reli, alikuwa amemfundisha chuma, na askari walilijua hilo. Wakamfanya fundi wao. Hakulipwa. Malipo yalikuwa kutopigwa.

Dada yake, Rachida, alichoka kuwapikia watu majani matupu. Akaenda kijiji kimoja cha barabara ya Lokandu, ambacho Asumani ameomba kisitajwe, kutafuta mihogo kwa shoga yake. Jamila alikuwa na homa, akaachwa kwa bibi yake mjini. Rachida alisema atakaa siku nne. Asumani hakuambiwa ni kijiji gani.

Siku ya pili yake, kamanda alileta pikipiki. Walikuwa wanakwenda kushambulia Lokandu. Askari wangetembea, pikipiki ingebeba masanduku ya risasi. Akaamuru klachi itiwe nguvu.

“Nikajisemea, mimi Asumani, nitapelekea watu kifo na mikono yangu? Nikaweka springi za zamani, zile zimechoka kabisa. Mu mji inaenda muzuri, hata yeye mwenyewe alijaribu akacheka. Lakini na muzigo, mu matope, itaungua. Nikawaza: ikiungua, watarudia nyuma.”

Anakohoa, anatazama chini.

“Nilijiona mwenye akili sana,” anasema.

Klachi iliungua kilomita kumi na tisa kutoka mjini, kama alivyopanga. Alichokosea ni kudhani kwamba watu wenye bunduki hurudi nyumbani kwa sababu pikipiki imekufa. Mzigo uliokuwa juu ya pikipiki waliuweka juu ya vichwa vya watu. Waliingia kijiji kilichokuwa karibu, wakakamata watu kumi na mmoja wabebe masanduku. Rachida alikuwa mmoja wao.

Walirudi saba. Mwanamume mmoja kati ya hao, Édouard, ndiye aliyeleta habari: Rachida aliishiwa nguvu siku ya tatu, karibu na mto. Sanduku lake akapewa mwingine. Yeye aliachwa pale, na hakuna aliyeruhusiwa kugeuka kumtazama.

“Kama ningeitengeneza muzuri, wangepita pale mbio, hawangesimama,” anasema Asumani. Mwandishi anamwambia kwamba basi huenda watu wa Lokandu wangekufa. “Najua. Miaka makumi mbili na tano niko napima hiyo. Haipimike. Nikiona moto inaelekea kule, mikono inakataa.”

Katika miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Jamila alikua akijua kwamba mama yake alikufa kwa vita, jibu ambalo Maniema nzima imewapa watoto wake na ambalo halimfai mtoto yeyote. Asumani alimlipia shule, akamlipia masomo ya ukunga, na kila alipoitwa mjomba mwema alitafuta kazi ya kufanya upande mwingine wa ua.

Ijumaa baada ya sala alivuta turubai. Alifunga pleti zile, akaongeza moja, akaweka springi zilizokuwa kwenye waya. Aliipeleka ukutani. Injini ilizimika papo hapo, mara tatu mfululizo. Kisha akampigia Jamila simu.

Jamila alikuja, akakaa kwenye kibao na mkoba wake wa kazi mapajani. Asumani alisimama. Alisimulia yote, hata alivyojiona mwenye akili. Alipomaliza, Jamila aliuliza jambo moja tu.

“Mama alijua ni wewe njo ulitengeneza ile moto?”

“Hapana, mwanangu. Hakujua.”

Jamila alitundika mkoba begani. Akainuka, akaiwasha pikipiki, akabonyeza klachi mara mbili kusikiliza ugumu wake. Hakusema asante na hakusema kwaheri. Aliondoka, akakata kwenye njia panda kuelekea Lokandu, na pikipiki haikusita hata kidogo.

Asumani alitoa ruhusa haya yaandikwe siku hiyo hiyo. “Andika. Mwenye alistahili kujua, anajua.”

Alipoulizwa anatarajia nini sasa, hakuzungumzia kibanda kikubwa wala mashine ya kuchongea, kama wafanyavyo mafundi wengi. Alieleza kwamba pleti mpya hukaa sawasawa baada ya kilomita kama mia moja, ndipo kebo ya klachi hulegea kidogo na kuhitaji kukazwa. Kazi ya dakika mbili. Karibu na kituo cha Jamila kuna fundi mwingine, Rémy, mwenye spana inayotosha.

“Anaweza kuenda kwa Rémy, na sitamulaumu,” alisema. “Fundi anaomba kazi yake ikaze. Mimi, wallahi, naomba Mungu hiyo kebo ilegee, na Jamila aniletee mimi.”