Nilikaguliwa Meno Nikitafuta Uhandisi

Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye maonyesho ya kozi za chuo hapa Eldoret, niliona haya kuuliza meza ninayoitaka ni ipi, nikapanga laini ndefu kuliko zote. Nilitaka uhandisi wa nyenzo, nijue kwa nini vyuma huvunjika, na mwalimu alikuwa ametupa saa moja tu.

Jamaa wa trakisuti akaniambia, "Fungua mdomo." Akahesabu meno. Nikajiambia labda mainjinia hukaguliwa hivi. Tukakimbizwa uwanjani, nikawa wa pili.

"Wewe msichana, kwa nini unataka kuongoza wanajeshi?" akaniuliza afisa wa jeshi aliyekuwa akisajili makadeti.

"Afande, mimi nilikuja kwa sababu ya vyuma."

Laini nzima ikacheka. Nje, basi la shule likapiga honi tuondoke.

Jumamosi asubuhi nilirudi peke yangu, nikamuuliza mlinzi wa geti meza ya uhandisi iko wapi, kwa sauti kubwa hadi akashtuka.